Tarakimu ni Ushahidi: Nini Tumfundishe Mtoto Anapojifunza Kuhesabu Watu



Leo twakuomba utufuate mbali kidogo na pwani yetu, mpaka Nsemulwa, kata mojawapo ya Manispaa ya Mpanda, mkoa wa Katavi, magharibi ya Tanzania. Huenda jina hili hujapata kulisikia. Lakini jambo tutakalolizungumza liko huko kama lilivyo Mombasa, Tanga, Unguja na Lamu. Mtoto hukaa darasani akafundishwa hisabati, akahesabu machungwa, akagawanya maandazi, mpaka siku moja akafikishwa kwenye mlango wa takwimu. Hapo ndipo anapoanza kuhesabu watu.

Tarakimu inayotoa khabari ya watu ni ushahidi, na ushahidi una masharti yake. Mtoto anayejua kujumlisha na kugawanya bila ya kuyajua masharti hayo ni kama aliyepewa kisu na asifundishwe kukishika. Katika zama hizi ambapo kila simu ni daftari la hesabu, na kila mtu anaweza kuwatangazia maelfu ya watu khabari ya jirani yake, jambo hili halifai kungojea Chuo Kikuu. Lina mahali pake katika skuli ya msingi, ndani ya kipindi cha Hisabati.

Tuanze na historia, maana ilimu hii si ngeni kwetu. Tazama maneno tunayohesabia hapa pwani: sita, saba, tisa, ishirini, thelathini, mia, elfu. Yote ni Kiarabu. Laki imetoka Bara Hindi. Sifuri ni Kiarabu pia, na maana yake ni kitu kitupu. Neno hisabati lenyewe, na neno takwimu, tumeyapokea kwa njia hiyo hiyo ya bahari. Wazee wetu waliokuwa wakiuza nazi, mikoko na nguo walikuwa na daftari zao na mizani zao, na wakijua vyema kwamba hesabu isiyo ya haki ni dhuluma.

Mwanachuoni aliyeipa dunia ilimu ya aljebra, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliishi Baghdad katika karne ya 9, wakati wa Khalifa al-Maamun. Kitabu chake cha aljebra hakikuandikwa kwa ajili ya kuwatungia watu mafumbo. Sehemu kubwa yake ni masuala ya mirathi na wasia, na ndani yake mna masuala ya biashara na ya kupima ardhi. Yaani hesabu ilitakiwa ili mjane apate fungu lake, yatima asidhulumiwe, na washirika wagawane faida bila ya ugomvi. Tangu hapo tarakimu ilikuwa na mtu nyuma yake.

Kuhesabu watu nako ni jambo la zamani. Imepokewa katika Bukhari kwamba Mtume, rehma na amani zimshukie, aliagiza yaandikwe majina ya waliosilimu, wakaandikwa wanaume 1,500. Baadaye Sayyidna Umar bin al-Khattab aliweka diwani, daftari la majina lililotumiwa kuwagawia watu mafungu yao kutoka Baitul-mali. Hiyo ilikuwa hesabu ya kumjua mtu ili apewe haki yake.

Lakini iko hesabu ya namna nyingine. Wajerumani walipoitawala bara ya Tanganyika walianza kutoza kodi ya nyumba mnamo mwaka wa 1898. Nyumba zikahesabiwa ili zitozwe. Hapana ajabu, basi, kwamba wazee wengi waliikhofu kalamu ya mhesabu watu. Walikuwa wamejifunza kwamba aliyeandikwa hufuatwa. Khofu hiyo haikuwa ya ujinga. Ilitokana na kujua kwamba hesabu ile ile yaweza kukulisha na yaweza kukunyang'anya, ikitegemea iko mkononi mwa nani na kwa shabaha gani.

Baada ya uhuru na Muungano, Tanzania ilifanya sensa yake ya kwanza mwaka wa 1967, na watu walikuwa zaidi kidogo ya milioni 12. Zikafuata za miaka ya 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Sensa ya 2022 ilitoa jumla ya watu 61,741,120. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho iliyouliza dini ya mtu, na msomaji atakumbuka kwamba mwaka wa 2012 palikuwa na mvutano juu ya swali hilo, hata baadhi ya Waislamu wakahimizana wasihesabiwe. Hatukusudii hapa kuufufua mvutano ule. Twautaja kwa sababu una somo: kabla ya jibu kuandikwa, pana mtu aliyechagua swali. Kinachoulizwa na kisichoulizwa, vyote viwili vina uzito. Mtoto akilijua hilo amekwisha kupiga hatua kubwa.

Sasa turudi Mpanda. Katika miaka ya 1940 mji huu ulijulikana kwa madini ya risasi, na ni kwa ajili ya madini hayo reli ilichepuliwa kutoka Kaliua, ikafika Mpanda mwaka wa 1950. Katika miaka ya 1970 wilaya hiyo ikapokea maelfu ya wakimbizi wa Burundi, wakapewa makao Katumba na kisha Mishamo, na baada ya miaka mingi wengi wao wakapewa uraia wa Tanzania. Mwaka wa 2012 mkoa wa Katavi ukakatwa kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka huo ilikuta watu 564,604 katika mkoa mpya. Sensa ya 2022 ikakuta 1,152,958.

Mpe mtoto wa darasa la sita tarakimu hizi mbili. Atatoa, apate nyongeza ya 588,354. Atagawanya, aone kwamba watu wamezidi kwa zaidi ya asilimia 104 katika miaka kumi, yaani wamekuwa maradufu na zaidi. Hapo mwalimu wengi hupiga alama ya sahihi, na somo likaisha. Lakini hapo ndipo lilipopasa lianze. Je, wote hao wamezaliwa hapo, au wako waliohamia kutafuta mashamba na malisho? Je, madarasa nayo yamekuwa maradufu? Visima je? Zahanati je? Mtoto wa Nsemulwa hana haja ya kutafutiwa mfano Ulaya. Yeye mwenyewe ni mmoja katika hao 1,152,958, na pengine msongamano wa dawati lake ndio jibu la hesabu hiyo.

Iko tarakimu nyingine ya Katavi, nzito zaidi, nayo yataka adabu katika kuitaja. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Tanzania mwaka wa 2015 na 2016 ulionesha kwamba katika Katavi, wasichana 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au wana mimba ya kwanza. Kwa taifa zima walikuwa 27 katika 100. Katavi ikawa ya kwanza katika jambo ambalo hapana anayependa kuwa wa kwanza.

Tarakimu hii ni rahisi kuibeba vibaya. Mtu aweza kusema, "Nusu ya wanafunzi wa Katavi wana mimba." Huo ni uwongo, ingawa tarakimu yenyewe ni ya kweli. Hesabu haikuwa ya wanafunzi. Ilikuwa ya wasichana wote wa umri huo, wanaosoma na wasiosoma, walioolewa na wasioolewa, pamoja na wenye miaka 18 na 19. Tena hawakuulizwa wote. Uchunguzi mzima uliwauliza wanawake 13,266 wa miaka 15 hadi 49 katika mikoa 30, yaani kwa wastani kama 440 kwa mkoa, na wasichana wa umri huo ni sehemu ndogo tu ya hao. Sampuli ni njia sahihi ya ilimu, kama mpishi anavyoonja kijiko kimoja akajua chumvi ya sufuria nzima, madhali mchuzi umekorogwa vizuri. Lakini kijiko kikiwa kidogo, jibu huweza kupanda au kushuka kidogo bila ya sufuria kubadilika.

Basi je, tuitupe tarakimu hiyo kwa sababu inatutia haya? La. Hilo nalo ni kosa, na huenda likawa kubwa zaidi. Uchunguzi wa 2022 ulitoa 34 katika 100 kwa Katavi, na mkoa wa Songwe ndio uliokuwa na 45. Hata tukizingatia udogo wa sampuli, hao 34 ni mabinti wa watu, na kila mmoja ana mama anayemlilia. Anayeificha hesabu huwaacha bila ya msaada, na anayeitia chumvi huwavunjia heshima. Shahidi mwema ni yule anayesema kadiri alivyoona, asipunguze na asizidishe.

Wanavyuoni wa hadithi waliujua msingi huu kabla ya dunia kulijua neno takwimu. Hawakuridhika na maneno peke yake. Waliuliza: umeipokea kwa nani? Naye kaipokea kwa nani? Je, watu hao walipata kuonana? Je, mpokezi huyo ni mkweli, na hifadhi yake ni nzuri? Waliandika vitabu vizima vya sifa za wapokezi, na khabari iliyokatika sanad yake hawakuipa daraja ya iliyotimia. Sasa linganisha na sisi leo. Ujumbe unaingia katika simu alfajiri, umeandikwa kwamba "watafiti wamegundua asilimia 80" ya jambo fulani, hauna jina la mtafiti, mwaka wala nchi, na kabla ya jua kupanda umekwisha kupelekwa katika makundi kumi ya WhatsApp. Watu wale wale wanaojivunia ilimu ya sanad huisahau wanapoishika simu!

Upande wa pili wa somo hili ni siri ya mtu, na hapa pia historia ina la kutwambia. Katika Baghdad hiyo hiyo ya karne ya 9, al-Kindi aliandika risala iliyoeleza namna ya kufumbua maandishi ya siri. Njia yake ilikuwa ni kuhesabu tu. Hesabu kila alama imetokea mara ngapi, kisha linganisha na herufi zinazotumika sana katika lugha, na siri itafunuka. Hakuvunja sanduku wala hakumhonga mjumbe. Fikiri, ndugu msomaji, maana ya jambo hili. Hesabu ndogo ndogo zikikusanywa zaweza kufichua ambacho mwenyewe hakukisema.

Hivyo ndivyo zinavyofanya kazi programu nyingi za simu hivi leo. Huhesabu unafungua saa ngapi, umesimama wapi, umetazama nini na kwa muda gani, na kutokana na hesabu hizo hukisia kipato chako, afya yako na mapenzi yako. Mtoto anayechezea simu ya babake anahesabiwa naye, na hajui.

Vyombo hivi vimekwisha kuingia skuli. Sensa ya 2022 ilikuwa ya kwanza Tanzania kufanywa kwa vishikwambi badala ya makaratasi, na mwishoni mwa mwaka huo serikali ikaanza kuwagawia walimu vishikwambi hivyo. Kwa hiyo chombo kilichowahesabu watu mlangoni chaweza kuwa leo juu ya meza ya mwalimu. Ni neema, lakini ni amana pia. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka wa 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya ilikuwa imetunga yake mwaka wa 2019, na Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza skuli moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kutangaza picha za watoto bila ya ridhaa ya wazazi wao. Walimu wangapi na wazazi wangapi wanajua kwamba picha ya mtoto ni taarifa yenye mwenyewe?

Sasa haya yote yafundishwe vipi? Mtaala mpya wa Tanzania, ulioanza kutumika Januari 2024, una somo la Hisabati na una somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Ni vyema. Lakini maadili ya hesabu hayapati mahali pazuri zaidi kuliko ndani ya hesabu yenyewe, siku ile ile mtoto anapochora grafu yake ya kwanza.

Tuseme mwalimu wa Nsemulwa ana wanafunzi 40, naye ataka kuwafundisha wastani. Anawauliza kila mmoja hutembea dakika ngapi kuja skuli. Tuseme 30 wasema dakika 10, na 10 wasema dakika 90. Jumla ni dakika 1,200, na wastani ni dakika 30. Hesabu ni sahihi, na hapana hata mtoto mmoja katika darasa hilo anayetembea dakika 30! Mkubwa akiusoma wastani huo ofisini atasema, "Nusu saa, si mbaya," na wale 10 wanaotoka nyumbani usiku usiku wamepotea ndani ya tarakimu. Mtoto aliyeliona jambo hili kwa macho yake hatadanganyika na wastani maisha yake yote.

Kisha tuseme mwalimu ataka somo la grafu, akauliza mbele ya wote, "Jana mlikula mara ngapi?" Mtoto ambaye kwao hakukupikwa atafanya nini? Ama atasema uwongo, na takwimu itaharibika, ama atasema kweli, na atachekwa. Mwalimu mwenye hekima ataweka sanduku, kila mtoto atie kikaratasi kisicho na jina. Tena atawaonya: ikiwa katika jedwali pana safu yenye mtoto mmoja tu, jina lake limekwisha kujulikana hata kama halikuandikwa. Basi tuiunganishe safu hiyo na jirani yake, tumsitiri mwenzetu. Hapo hisabati na adabu zimefundishwa kwa chaki moja, na gharama yake ni sanduku la karatasi.

Na wanapolinganisha, wafundishwe kulinganisha kwa haki. Mwaka wa 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha desturi ya kutangaza skuli kumi bora na wanafunzi kumi bora, kwa hoja kwamba skuli haziko katika mazingira sawa. Mtoto aliyesoma kwa taa ya umeme na mtoto aliyesoma kwa kibatari hawakuanza mbio mahali pamoja, na jedwali linaloonesha alama peke yake halikutoa ushahidi uliotimia.

Nawe mzazi, usiseme kazi hii ni ya mwalimu peke yake. Nyumbani kwako mna skuli nzima. Mtoto akikuletea khabari yenye tarakimu, mzoeze maswali matano: Nani kahesabu? Kawahesabu akina nani? Kawauliza nini? Kwa idhini ya nani? Na nani aliyeachwa nje ya hesabu? Mwandikishe bei ya samaki kwa wiki nne, achore, akwambie kama kweli imepanda au ni maneno ya sokoni. Ukitaka kuitia picha yake katika kundi la familia, mtake idhini, hata kama ana miaka minane. Atakayetakiwa idhini utotoni atajua kuitaka idhini ukubwani. Na wewe mwenyewe, ujumbe usio na asili usiusukume mbele. Mtoto hujifunza kwa kidole chako kuliko kwa ulimi wako.

Tumetoka mbali: kwa al-Khwarizmi na fungu la yatima, kwa diwani ya Sayyidna Umar, kwa kodi ya nyumba, mpaka dawati la Nsemulwa. Katika safari yote hiyo swali lilikuwa moja: je, aliyehesabiwa amepata haki yake au amenyang'anywa? Watoto wetu watakuwa makarani wa sensa, wauguzi, wafanya biashara na watengenezaji wa programu. Watahesabu, nao watahesabiwa. Tuwafundishe mapema kwamba kila tarakimu waiandikayo juu ya mtu ni neno wamelisema juu yake, na kwamba neno hilo wataulizwa.

Wabillahi tawfiq.